Dellmar Krause, Sauti ya Uwanja wa Harlan Ridge, Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na minne katika kibanda cha matangazo, Bwana Dellmar Krause anastaafu tarehe 31 Januari. Hapa chuoni Harlan Ridge, Nebraska, wanafunzi wengi waliijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake. Wapishi wa chuo wanamjua kwa jambo jingine: hakutangaza mechi hata moja kabla ya kumaliza bakuli la maharage ya pilipili na andazi la mdalasini.

Dell alikuwa pia miongoni mwa watangazaji waliokuwa wakipiga kura kila mwaka kumpata bingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vidogo, kwani fainali haikuwapo. Kuna mwaka timu mbili zilimaliza msimu bila kufungwa, yetu na Coldwater, na hazikuwa zimekutana. Dell, kwa moyo safi, aliipigia kura Coldwater. Ikatwaa taji.

Nahodha wetu, Orrin Vasek, alimfuata kibandani.

"Mzee Dell, ulituona tukicheza nao lini?"

"Sikuwaona, mwanangu. Hakuna aliyewaona."

"Sasa ulijuaje?"

Majira ya baridi ya mwaka huohuo, gari la Orrin liliteleza kwenye barafu, akafariki.

Septemba iliyofuata, katika mechi ya kwanza, Dell alikuwa anakunywa maji, maikrofoni imezimwa, spika ziliposema kwa sauti yake mwenyewe: "Mpira anao Vasek. Coldwater wanamfukuza." Uwanja mzima uligeuka kutazama kibanda. Bi Ludmila, mama yake Orrin, alisimama jukwaani peke yake.

Mafundi walibadilisha nyaya, wakabadilisha na spika. Haikusaidia. Kila tulipocheza nyumbani, mechi ile ambayo haikuchezwa kamwe ilitangazwa kipande kwa kipande, na haikufika mwisho. Baadhi yetu tuliacha kwenda uwanjani.

Dell hakuacha. Alijitoa kwenye kupiga kura, akazunguka chuo hadi chuo akiwasuta wakubwa: "Mnapiga kura kana kwamba tunachagua malkia wa sherehe ya mahindi! Waacheni wakutane!" Alitaka bingwa wa kila kanda aingie kwenye mtoano, asiachwe nje mtu kwa maoni ya mtu. Alichekwa kwa miaka mingi, kisha vyuo vikakubali, kimoja baada ya kingine.

Fainali ya kwanza ilichezwa kwetu, dhidi ya Coldwater. Walitushinda kwa pointi moja. Filimbi ilipolia, kabla Dell hajafungua mdomo, spika zilisema taratibu: "Mechi imekwisha." Tangu hapo hazijasema neno ambalo hakulisema yeye.

Kwenye hafla ya kumuaga, Dell alimwendea Bi Ludmila.

"Nisamehe, Ludmila. Nilihangaika kote kule, na bado tulifungwa."

"Lakini tulifungwa na watu tuliowaona," alijibu. "Na ile sauti ya mwisho, Dell, haikuwa yako. Yule nilimzaa mimi."

Dell, ahsante kwa kubaki kibandani wakati sisi tulipokimbia. Tunakutakia afya njema na Jumamosi tulivu zisizo na mechi.