Daftari la Wasiorudi Kupiga Picha

Sikilizeni wanangu, na wewe mama yao geuza hicho kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga", maana haya nitakayosema sikusimuliwa na mtu, niliyaona yote kwa macho haya mawili, na anayetaka kubisha abishe leo, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi daktari wa koo ananikata, na amesema waziwazi kwamba nitaamka na uhai wangu lakini sauti hapana. Mke wangu, usicheke. Najua wapo mtaani watakaompelekea daktari zawadi.

Vya kurithi ni vichache. Chumba hiki cha picha, taa zake mbili na kiti kinachoyumba, ni cha mama yenu. Koti la bluu pale msumarini, ambalo nusu ya mji imelivaa kupigia picha, lisiuzwe. Kubwa ni daftari, na atakayekaa nalo kaunta kuanzia kesho. Fundi simu anataka kupanga chumba, mama yenu amechoka, binti yangu ana kazi yake ya takwimu mjini, na Bubu, kaka yenu tuliyempachika jina hilo kwa uchache wa maneno yake, anadai kaunta inataka mtu wa maneno. Nami nilikuwa wa kwanza kukubaliana naye. Kaunta ikikosa mtu, daftari limekufa.

Fundi viatu wa jirani mpelekeeni salamu zangu, sijamwamkia miaka kumi na miwili. Nilimkabidhi picha za harusi ya binti yake mtu aliyejiita mjomba, kumbe ni mchumba aliyeachwa, na zile picha hazijaonekana hadi leo. Tangu siku hiyo haitoki picha hapa kabla sijaandika ni ya nani, ana umri gani, kaichukua nani, na namba yake ya simu.

Wewe binti yangu, ulipokuja likizo kutoka chuoni ukaanza kuyaingiza madaftari kwenye kompyuta mstari kwa mstari, nilikwambia unanimalizia umeme. Ukanijibu, "Baba, una kitu hapa na hukijui." Nikanuna siku mbili, maana mimi niliishia darasa la sita, lakini sijawahi kuambiwa kuna kitu nisichokijua ndani ya duka langu mwenyewe.

Siku ya tatu ukaniita. Namba moja ya simu ilikuwa imechukua picha za vijana kumi na saba ndani ya miezi kumi na minne, wa miaka kumi na tano hadi kumi na tisa, hakuna ndugu wa mwenzake. Nikakwambia huyo ni Shangazi, mteja wangu bora, mama mcheshi anayewatafutia vijana kazi za ndani na za hoteli ng'ambo. Ukaniuliza, "Wangapi walirudi?"

Nikakaa. Mpiga picha yeyote anajua kwamba kijana hurudi, kwa picha ya kitambulisho, ya kazi, ya mchumba, au kulalamika tu kwamba nimemkuza masikio. Ukanionyesha vijana wengine wa rika lile: katika kila kumi, saba walirudi ndani ya mwaka. Wa Shangazi hakurudi hata mmoja.

Na langu niliseme. Shangazi alikuwa akininong'oneza, "Fundi, huyu mkuze kidogo, anaonekana mtoto." Nami nikawavika koti la bluu, nikashusha taa kivuli kikae mashavuni, mtoto wa miaka kumi na tano akatoka na sura ya karani wa benki. Nilijisifu kwa kazi ile. Nikampa Shangazi na kopi mbili za bure. Hilo sijawahi kulisimulia, na mnajua mimi nasimulia kila kitu.

Nipeni maji.

Tukaenda ustawi wa jamii, binti na majedwali yake, mimi na kofia mkononi. Afisa akaweka orodha yetu kando ya orodha yake ya vijana waliopotea, akashusha kidole taratibu. Tisa walikuwamo. Akauliza, "Yuko wa kumi na nane?" Alikuwepo, binti wa mshona nguo wa mtaa wa nyuma, picha zake zilichukuliwa jana yake. Tukampigia mama yake. "Ameshaenda stendi na Shangazi, basi la saa nane. Kwani kuna nini?" Ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini. Polisi wakasema wako njiani, na njia yao mnaijua.

Nikamwita Bubu, tukakimbia. Basi lilikuwa limeshawashwa. Yaliyofuata mmeyasikia mara mia: nilivyosimama mbele ya basi, nikanyoosha mkono, nikamwambia dereva, "Nikanyage kwanza," na honi ikalia mpaka polisi wakafika na kumkuta Shangazi na pasi saba za kusafiria mkobani.

Yule binti ana cherehani zake mbili sasa, na kila mwaka huja kupiga picha ambayo hana haja nayo. Wa Shangazi wamerudi kumi na wawili. Watano bado, majina yao yako ukurasa wa kwanza, na ukurasa huo usichanwe.

Sasa shikeni haya. Majina ya watoto wa watu yafungiwe kabatini. Zile studio nane zinazoandika daftari kama letu, tunazoshirikiana nazo, zipewe namba za simu na hesabu tu. Namba ikijirudia mara tatu kwa vijana wasio ndugu, msimkamate mtu wala msimtukane, mpigieni afisa. Mwaka jana namba iliyojirudia ilikuwa ya mwalimu wa kwaya tu, tukamwomba radhi kwa fremu ya bure. Na akija mtu anataka mtoto akuzwe, mwambieni taa imeharibika.

Sogeeni. Sauti inakwisha... inakwaruza.

Bubu, mwanangu, njoo karibu. Ile ya basi. Nilijikwaa getini, nikaanguka, kiatu kikaruka. Aliyesimama mbele ya basi ni wewe. Hukusema neno. Dereva akapiga honi, akasogeza basi mpaka likakugusa kifua, ukabaki palepale. Miaka tisa naisimulia kama yangu, nawe unakaa hapo, unanimiminia chai.

Basi hadithi nairudisha kwa mwenyewe. Kaunta ni yako. Kuandika hakutaki kelele. Na kesho Bubu ni mimi, utanizoea.

Mungu awape macho ya kuona... awarudishe wale watano, waje walalamike masikio yao. Mama yao, mwambie fundi simu chumba kina mtu.

"Nikanyage kwanza" pia... hakuna aliyeisema. Niliitunga.

Mengine yote niliyaona mwenyewe. Kutoka pale chini.