Sista Esnath na Damu ya Wazee wa Rungwe

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, Sista Esnath Andongwisye anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Sisi wa kitengo cha utafiti wa afya ya wazee hapa Tukuyu tumekatazwa kulia. Tutajitahidi.

Alianza kama muuguzi wa wodi, akiogopwa na kila mgonjwa aliyeficha vidonge chini ya mto. Mama yake mzazi alipougua Alzeima hata akawa anamkaribisha binti yake kama mgeni, Sista aliomba kuhamia kwetu. Alitaka kujua kama na yeye yumo njiani. Vitabu vilimwambia kuna aina ya jeni, APOE e4, inayoongeza hatari, lakini takwimu nyingi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika hatari hiyo huonekana ndogo zaidi, ila haijapimwa vya kutosha. Akasema basi ipimwe hapa.

Akazunguka vijiji vya Ikuti na Mpuguso akiomba damu kwa wazee, kwanza salamu ya Kinyakyusa, “ugonile”, kisha habari ndefu za migomba. Hakuna aliyemfukuza, isipokuwa jogoo mmoja wa Mpuguso.

Kosa letu kubwa tulilifanya pamoja naye. Kipimo cha kumbukumbu kiliwataka kina bibi wataje jina la baba mkwe. Wakanyamaza, nasi tukaandika kwamba wamesahau. Ikuti nzima ikaonekana imejaa wagonjwa! Sista, ambaye mwenyewe hajalitamka jina la mkwewe tangu aolewe, aliangua kicheko, kisha akakunja uso. Wale bibi walikumbuka vizuri sana, ila kwa mila ya huku mke hatamki jina la baba mkwe; ndiyo maana walinyamaza. Alisimamisha kazi, akabadili swali, akarudi nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Bila yeye tungeilaumu jeni kwa heshima ya ukweni.

Mwaka jana alipima damu yake mwenyewe. Anayo e4, tena nakala mbili, ya baba na ya mama. Alitutangazia wakati wa chai, akaongeza maziwa, akaendelea na kazi. Sisi ilituuma sana. Yeye hana wasiwasi: kuanzia Julai atakuja kituoni kama mshiriki, tumpime kila mwaka, ili binti zake wasiisome hatari yao kwenye takwimu za watu wengine.

Asante kwa yote, Sista. Pumzika vizuri, ishi sana, na kila mwaka utakapokuja, utuite wote kwa majina yetu.