Vidole Viwili vya Kiuno

Benchi la mbele ya duka la Fundi lilikuwa mlango zamani. Siku ulipoachana na bawaba zake aliulaza juu ya matofali, na kitasa hakuking'oa, kwa hiyo anayechelewa kufika ndiye hukikalia. Jumanne ile aliyekalia kitasa ni Fundi mwenyewe, mwenye benchi, simu mkononi na kahawa inapoa. Pembeni yake alikuwa Hakimu, ambaye alilinda mlango wa mahakama miaka thelathini na hakuwahi kuhukumu mtu ila hapo kijiweni. Akafuatia Redio, kinyozi wa duka la pili, anayetangaza mambo kabla hayajatokea. Binti wa kwanza wa Fundi alikuwa anaolewa Jumamosi. Jumatatu alijaribu gauni aliloshonewa na baba yake, zipu ikapanda vizuri, ikafika kiunoni, ikagoma. Ilipungua nafasi ya vidole viwili. Fundi hakumuuliza kitu. Alinuna tu, binti akalia, na tangu hapo hawajasemezana. Kosa alilofanya ni kulileta jambo hilo kwenye kahawa.

— Mwezi uliopita ulipompima kiuno kilikuwa ngapi? — aliuliza Hakimu, kwa ile sauti yake ya kuita mashahidi.

— Ishirini na nane.

— Na gauni umelikata ngapi?

— Ishirini na nane hiyohiyo. Mimi sikosei mkasi, unanijua.

— Basi zipu imeshatoa ushahidi. Mwezi mmoja, vidole viwili. Hapo kuna mtu ndani.

Redio akasogeza kikombe.

— Mimi nilishtuka tangu bwana harusi alipoanza kuja kutengeneza lile friji lenu. Kaja mara ngapi?

— Mara nne.

— Limepona?

— Linagandisha upande mmoja.

— Upande mmoja! Hakimu, umesikia? Wa pili ameuacha makusudi, apate njia ya kurudi. Fundi wa friji mzima ashindwe na friji moja, tena la baba mkwe?

Lile friji Fundi hakuwahi kulifikiria. Sasa aliona kila kitu: bisibisi, kikombe cha chai, binti ameshika tochi.

— Siku hizi hasubiri mtu, — alisema Hakimu. — Kumi kwa kumi. Cheti cha ndoa kimekuwa risiti tu, mzigo ulishabebwa zamani.

— Chanzo ni mapazia mazito, — alisema Redio.

— Mapazia?

— Zamani pazia lilikuwa jepesi, ukipita unajua nani yuko kwa nani. Leo huoni hata kivuli. Na wauza mapazia hawafanyi bure, wanatumwa na wenye kumbi za harusi. Mimba ikiingia, harusi haingoji mavuno wala mshahara, ukumbi unakodishwa haraka. Mbona duka la mapazia na ukumbi vinatumia ukuta mmoja?

Hakimu, ambaye kwa kawaida hapitishi neno la Redio bila kulipinga, alitikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo lililomtisha Fundi zaidi.

Wakati huo mama mmoja mwenye mfuko wa nguo akafika. Fundi akamwomba asubiri kidogo, naye akaketi ukingoni, mfuko mapajani.

— Kwani enzi zetu ilikuwaje? — Fundi aliuliza, akitafuta pa kupumulia.

— Enzi zetu sisi wanaume tulikuwa hatari, — Hakimu akacheka. — Kabla sijaoa mtaa mzima ulinijua.

— Mimi usiniguse kabisa. Nilikuwa na zamu, — alisema Redio.

— Na wake zenu? — Fundi aliuliza.

— Ah, wangu nilimkuta ametulia, hajui hata kona ya mtaa, — alisema Hakimu.

— Wangu vilevile. Wasichana wa wakati ule walijiheshimu, wote.

Fundi akainamia kikombe. Gauni la mke wake alilishona yeye mwenyewe, na wiki ya harusi alilifumua ubavuni akaliongeza vidole vinne. Aliyekuwa ndani ya vidole vile ndiye bibi harusi wa Jumamosi. Baba mkwe, ambaye naye alikuwa mshonaji, aliuona ule mshono mpya. Aliutazama kitambo, kisha akasema gauni limempendeza. Fundi hakuwahi kumsimulia mtu habari hiyo, na kwa sababu anaijua ndiyo maana hakulala.

— Mpigie baba wa bwana harusi, — Hakimu akaamuru. — Harusi isimame mpaka binti apimwe.

Fundi akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Vilevile.

— Samahani, — alisema yule mama, akitoa suruali mfukoni. — Hii ulimshonea mume wangu. Ulimpima mwezi uliopita, nimeichukua juzi. Haifungi kiunoni, imepungua vidole viwili. Mume wangu hajanenepa hata kidogo. Sasa nauliza, na yeye ana miezi mingapi?

Fundi aliichukua suruali, akaigeuza ndani nje, kisha akanyanyuka kama aliyekumbuka jiko linawaka. Dukani, kwenye msumari, ilining'inia futi yake ya kitambaa ya miaka yote, ile iliyong'oka bati la nchani wiki mbili zilizopita. Shingoni alikuwa na mpya aliyoinunua siku ile bati lilipotoka. Akazilaza pamoja juu ya benchi. Ile kuukuu ilikuwa imevutika. Ishirini na nane yake ilivuka ishirini na tisa ya mpya. Alimpima mtoto kwa moja, akamkatia kwa nyingine.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Hata hivyo, — alisema Hakimu kwa sauti ndogo, — futi haimsafishi mtu. Friji bado...

Simu ikalia. Baba wa bwana harusi.

— Umenipigia mara mbili asubuhi hii. Kuna nini huko?

Fundi akamtazama Hakimu, Hakimu akatazama kitasa.

— Gauni linabana, — Fundi alisema. — Nilitaka mjue mapema kwamba nalitanua. Kosa ni langu.

Akakata simu, akachukua suruali na wembe wa kufumulia, akaingia ndani. Kwanza alimpigia binti yake, akamwomba radhi, akamwambia aje mchana ajaribu tena. Kisha akaketi kwenye cherehani. Kutoka nje alimsikia yule mama, anayesubiri suruali yake, akiuliza taratibu:

— Jamani, nyinyi wote mlifanya, na wake zenu wote hawakufanya. Sasa mlifanya na nani?

Redio aliinua birika, akalitikisa. Tupu.

Fundi akaanza kufumua mshono wa kiuno. Jibu la kwake alilijua: ni mke wake, na yuko nyumbani anapika.