Vumbi Jeupe la Ngomeni

Kijiwe chetu kiko pembeni, kati ya meza yangu ya kushonea viatu na mlango wa kinyozi. Ni benchi moja refu lenye mguu uliofungwa bati, na jiko la Mama Birika, muuza kahawa. Mbele yetu, juu ya kilima, ipo ngome ya kale. Tunaiona kutwa, ukuta mrefu mweusi na mizinga mitatu inayochungulia. Kila mtu wa benchi hili huiringia kama kaijenga yeye, na mgeni akiuliza ilijengwa lini, hupewa miaka minne tofauti kabla kikombe hakijapoa. Mimi naongea kidogo, natazama soli za watu. Kilima kile kina vumbi jeupe la chokaa, likiganda kwenye kiatu hulitoi mpaka ulikwangue kwa kisu. Miaka kumi na tisa niko kona hii, na viatu vya benchi hili sijavikuta na vumbi hilo hata siku moja. Vyangu pia. Nimenyamaza, maana hao ndio wateja wangu.

Jumatano moja Mwashi, mjenzi mwenzetu wa benchi, alikuja amevaa shati la kunyooshwa pasi. Binti yake ni mwalimu mji wa pili, na alikuwa amempigia simu: Jumamosi analeta darasa zima kuitembelea ngome, na keshawaambia wanafunzi kwamba atakayewaongoza ni babake mzazi. Babu wa binti huyo, yaani babake Mwashi, naye mwashi, ndiye aliyeukarabati ukuta ule, akaacha alama ya dole gumba kwenye chokaa mbichi. Hadithi hiyo tunaijua sote. Mwashi amemlea binti yake juu ya dole hilo.

— Watoto arobaini, alisema akikaa. Na kiongozi ni mimi.

— Umepata cheo, kaka, alisema kinyozi. Tunamwita Redio, na hakuna habari inayomtoka bila kutiwa chumvi. Lakini usiende kichwakichwa, akaendelea. Ngome inataka mpango.

— Mpango niachieni mimi, alisema Kamanda.

Kamanda alilinda kiwanda cha sabuni miaka thelathini kwa tochi na filimbi. Vita hajaviona, ila ukimsikiliza utadhani alivianzisha yeye. Aliazima chaki yangu ya kuchorea ngozi, akapiga magoti na kuanza kuichora ngome kwenye sakafu ya baraza.

— Hapa mizinga. Hii ilikuwa inapiga mpaka ng'ambo ya mto.

— Ng'ambo tu? alisema Redio. Babu yangu ndiye aliyekuwa anawanyoa askari wale. Mzinga wa katikati ulimng'oa jemadari wa adui kifungo cha koti. Koti lenyewe halikuchanika.

— Na jemadari?

— Alirudi kwao kutafuta kifungo. Vita vikaishia hapo.

Mama Birika akaweka kikombe chini.

— Mmesahau jiko. Askari elfu moja walikuwa wanakunywa nini, chaki? Adui waliizingira ngome siku tisini. Siku ya tisini na moja upepo ukageuka, wakanusa kahawa ya ndani. Wakaja mikono juu, kila mmoja na kikombe chake.

Kamanda akachora jiko. Akaongeza zizi la farasi, kisima, na mstari mrefu uliotoka ngomeni mpaka kwenye miguu yetu.

— Hili ni handaki. Linapita chini ya mto, chini ya lile duka la vioo la jirani, linatokea chini ya benchi hili.

— Kumbe ndiyo maana linayumba, alisema Redio.

Tulicheka, na nakiri nilijisikia mtu wa maana kukaa juu ya handaki. Mwashi peke yake hakucheka. Aliomba dole la babake nalo lichorwe.

— Ukuta upi? aliuliza Kamanda.

— Wa ndani. Ndani huko.

Hapo akapita dada mmoja mshonaji, aliyehamia juzi chumba cha juu ya duka la vioo. Alitusalimia shikamoo, akaomba kahawa, akautazama mchoro kama kitambaa anachotaka kukikata.

— Mmeichora vizuri, wazee wangu. Mlango uko wapi?

Kamanda aliitazama chaki. Redio akageuka kuitazama ngome. Kutoka kwenye benchi letu ngome inaonekana mgongo tu, na mgongo hauna mlango.

— Sijawahi kuingia, alisema Mwashi taratibu. Baba alifariki nina miaka tisa. Niliogopa nikienda nisilione dole lake, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Kwa hiyo nikawa nalionea hapa hapa.

Hakuna aliyemcheka. Niliona aibu, yake na yangu, na nikampenda kuliko siku zote. Nilitaka kusema neno zuri, nikaishia kumwambia avue kiatu cha kulia, kisigino kimelika. Nilikipiga misumari sita. Akakivaa, akaondoka peke yake kuelekea kilimani.

Kesho yake asubuhi aliviweka viatu mezani kwangu, soli juu. Zilikuwa nyeupe.

— Mlango uko upande wa pili, unatazama jua linakochomoza. Ukiingia unakata kushoto, hatua kumi na mbili.

— Na dole?

— Lipo. Aliinua dole gumba lake, akaligeuza ili sote tulione. Ni dogo kuliko langu hili. Nimeweka langu juu yake, limezidi pande zote. Mtu mdogo vile, na ukuta mzima ule umesimama.

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka duka la vioo. Kamanda akapiga magoti, akauchora mlango.

Mwashi alitaka nimng'arishie viatu kwa ajili ya Jumamosi. Niling'arisha juu, soli sikuzigusa. Kufika Ijumaa jioni nilikuwa na jozi nne za kiume mezani, zote na vumbi jeupe, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Jozi ya nne ilikuwa yangu.