Mwaka Mzima Chakula Chapwa

Juzi walimzika Fundi Saa, na leo benchi la mbele ya kinyozi lina watu watatu na birika la kahawa. Hospitali ilipomkuta na presha, mkewe alipiga marufuku chumvi nyumba nzima. Mwaka mzima watoto wakala chapwa kwa ajili yake. Ila hapa kijiweni, kila asubuhi, aliletewa mayai ya kuchemsha, na Kinyozi, swahiba wake tangu utotoni, alimtolea mkebe wa chumvi kutoka droo ya nyembe. "Nyunyiza, shemeji haoni." Walicheka sana. Sasa Kinyozi kikombe chake cha kahawa hajakigusa.

— Si chumvi iliyomuua, alisema Redio, asiyekosa taarifa ya habari. Kuna watafiti wanasema hata ukiipunguza mno ni hatari.

— Bahari nzima chumvi tupu, Profesa akadakia, yeye aliyeishia darasa la nne. Umewahi kusikia papa ana presha?

— Sijasikia.

— Basi! Moyo ulitaka chumvi, ukanyimwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni moyo.

— Hata machozi yana chumvi, Redio akaunga mkono. Asiyeila atalia na nini?

— Au basi ni saa, Profesa akageuza. Kutwa unasikiliza tiki-tiki za watu, moyo wako unasahau zamu yake.

— Nyamazeni, Kinyozi alisema. Nawaombeni.

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa anavuka barabara, kajitanda kanga.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Mama anaendeleaje?

— Hali, halali. Anasema yeye ndiye kamuua baba. Daktari kila mara alikuta presha iko juu, akamuuliza anapikaje. Sasa kutwa anajiuliza alikosea wapi.

Kinyozi aliyaona maneno yote yamejipanga mdomoni, na aibu imeyakalia.

— Mwambie mama hakukosea, alisema kwa shida. Mwambie nimeapa.

— Nitamwambia. Lakini ataniuliza, baba. Kama si yeye, ni nani?

Redio akatazama viatu vyake. Profesa akakohoa, methali isije. Kinyozi akageuka kutazama ndani, kwenye droo ya nyembe. Binti akaendelea kusubiri, kwa adabu zote alizolelewa nazo.