Ng'ombe Wote Wamo Pichani

Pale Pasiansi, Mwanza, kwenye benchi la kahawa la mzee Ogweno, hakuna tatizo linalokosa mtaalamu. Tangu viwanda vya umma vipunguze watu, wataalamu ndio wamejaa, kazi ndiyo hakuna. Jioni hiyo zamu ilikuwa ya Luhaga, mkata minofu wa kiwanda cha sangara. Mkewe Dorotea, muuguzi, yuko Denimaki mwaka wa tatu sasa, na Luhaga anaomba kibali cha kuishi huko moja kwa moja kama mumewe. Ubalozi umemrudishia maombi tena. Cheti cha ndoa hawana neno nacho. Wanataka picha ya hao wawili wakiwa pamoja.

Luhaga akamwaga picha za harusi juu ya benchi.

— Huyu nani? akauliza Waziri, aliyepewa jina hilo kwa kuijua serikali kuliko serikali yenyewe.

— Baba mdogo wa Dorotea, na dume jekundu.

— Na huyu?

— Mjomba wake Dorotea, na mtamba.

Wazee hawakutaka kesi ya mahari baadaye, kwa hiyo kila ng'ombe alipigwa picha na mtu aliyempokea. Bibi harusi alipotoka nje, filamu ilikuwa imekwisha. Mpiga picha akaona aibu kusema, akaendelea kuwasha taa tu, na Luhaga akaendelea kutabasamu bure mpaka mashavu yakamuuma.

— Nenda studio na shemeji yako, akasema Waziri. Wazungu wale watajuaje?

— Shemeji ana mimba.

— Safi kabisa. Sema ni yako.

— Mumewe askari, bwana.

Dishi, ambaye ameangalia televisheni ya baa mpaka anajiona ametembea dunia, akasogea.

— Kata kichwa cha Dorotea kwenye picha ya pasipoti, bandika kwenye shingo ya mtu.

— Shingo ya nani?

— Kwani Mwanza nzima utakosa shingo?

— Mnahangaika bure, akasema Ngosha wa Buswelu. Apeleke ng'ombe wenyewe. Wavushwe kwa kivuko pale Busisi, wapandishwe treni mpaka Dar, wasimame getini kwa balozi. Ng'ombe hadanganyi.

— Wengi waliuzwa, akasema Luhaga. Ndio waliomsomesha Dorotea uuguzi.

Wakacheka sana. Luhaga naye akacheka, maana heri kuchekwa pale kuliko kurudi chumbani, ambako siku hizi mtu wa pili ni redio.

Ndipo akaja Teodora, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, na chupa yake ya chai mkononi.

— Shikamoo baba. Naomba unijazie.

— Marahaba, mwanangu, akasema Ogweno.

Akisubiri chupa ijae, akazitazama zile picha.

— Samahani kaka, hamkuwahi kupiga nyingine?

— Tulipiga. Studio, jioni ya kuamkia safari yake. Moja tu.

— Iko wapi?

— Anayo yeye.

— Sasa si aitume?

Waziri akachungulia ndani ya kikombe chake. Dishi akakumbuka kwamba kiatu chake hakijafungwa vizuri.

Luhaga alikuwa ameshamwomba, kila Dorotea alipompigia kwenye simu ya duka la dawa la jirani. Kwanza alisema ataitafuta. Halafu simu ikawa haisikiki. Mara ya mwisho aliuliza kama mvua zimenyesha. Luhaga hakuwa amemwambia mtu hayo, na sasa yalimuuma vibaya, kwa sababu alijua muda wote kwamba tatizo halikuwa ubalozi.

— Labda posta, akaanza Ngosha, akaachia hapo.

Teodora akaona ameharibu, akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka na chupa yake. Luhaga akanyoosha kikombe. Ogweno akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu ya kahawa.

— Imekwisha, mwanangu, akasema mzee. Lakini wewe kaa tu.

Luhaga akakaa. Akaanza kuzikusanya picha polepole, baba mdogo na dume jekundu juu kabisa.