Wavu wa Mke wa Rafiki Yangu

Fundi Makochi anakiri mwenyewe kwamba alikosea, na amekwisha kumwomba Mungu msamaha: daktari alipomwita mkewe ndani, yeye alibaki kwenye benchi la nje, eti hayo ni mambo ya kina mama. Mke akatoka na habari fupi: atawekewa wavu, na kesho asubuhi akatie saini. Mji wa mimba umeshuka, mkojo unamponyoka akikohoa, hata ibadani siku hizi anakaa karibu na mlango. Jioni Fundi akafunga karakana, akaja kijiweni, akapokea kikombe cha kahawa, akajikohoza.

— Jamani, kuna rafiki yangu. Mkewe anataka kuwekewa wavu ndani ya mwili, ushikilie vilivyoshuka. Mnaonaje?

— Rafiki yupi? akauliza Spika, ambaye hajawahi kumwachia mtu amalize kusema.

— Humjui.

— Wewe rafiki zako tuko wawili. Mimi, na huyu Redio ambaye hana mke.

Wakacheka. Redio hakucheka.

— Huo wavu ni wa plastiki, akasema Redio kwa uhakika wa mtu aliyesikia habari nusu. Plastiki na moto haviivani. Mama akikaa jikoni, utajikunja.

— Jikoni tu? Akipita karibu na mnara wa simu je? Si utanasa matangazo! akadakia Spika.

— Mbona wewe huna wavu na unatangaza kutwa? akasema muuza kahawa.

— Nisikilizeni! Spika akaendelea. Akipiga chafya, wavu unavutika, unaachia, paa! Mama wa watu tunamwokota kwa jirani.

— Acheni mzaha! Fundi akafoka. Mke wangu analia chooni!

Spika akaweka kikombe chini.

— Pole, ndugu yangu. Ungesema mapema. Lakini si wewe unayefunga mikanda ya makochi? Ikilegea unaweka mingine, kazi imekwisha. Mwache awekewe.

Fundi alikuwa amejiambia hivyohivyo mchana kutwa, nyundo mkononi.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja, mteja wa Fundi, aliyekuja kuulizia kiti chake. Maneno ya mwisho alikuwa ameyasikia yote.

— Samahani, kaka zangu. Kiti changu ukikikosea, unachomoa misumari unaanza upya. Huo wavu ukimsumbua, unatoka?

Fundi akakumbuka makochi ya zamani aliyowahi kuyafumua: mkanda uliokaa sana hung'oka na kipande cha mbao. Na mbao yeye huenda kununua nyingine; mwili wa mtu hauuzwi dukani.

— Kiti chako kesho mchana, mama, akasema akiinuka. Asubuhi nina safari.

Nyumbani alimkuta mkewe uani, anaanika vitambaa vyake vya kujikingia mkojo nyuma ya shuka ili visionekane. Akashika ncha ya shuka, akamsaidia kuibana.

— Mama watoto, usitie saini kwanza. Tuulize kama huo wavu hutolewa, na kama kuna njia nyingine.

— Tuulize? Nani na nani?

— Mimi na wewe. Naomba kesho uniruhusu niingie ndani.